Pikipiki Isiyobisha Hodi

Nilikaa na pikipiki ya petroli miaka tisa, na miaka yote hiyo fundi wangu mkubwa alikuwa bibi kizee ambaye hajashika spana maishani mwake. Ndiye mwenye nyumba ninayopanga hapa Kisauni. Nyumba yenyewe ni ya kizamani: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na nyuma kuna ua. Yeye hukaa chumba cha mbele, mimi chumba cha mwisho kabisa, karibu na mlango wa uani, na pikipiki hulala chini ya dirisha langu. Jioni nikirudi nilikuwa naizima, nampigia shikamoo kutoka huko huko uani, naye akishaitikia marahaba hunipa habari za injini. "Yeo yakohoa," atasema. Watu wa kale wa Mombasa leo yao ni yeo, nami mtoto wa Kaloleni nilishazoea. Siku nyingine ataniambia kuna kitu chagonga ndani, nisijitie uziwi.

Siku za mwanzo nilimbishia, maana kubisha nimezaliwa nako. Nikamuuliza, Bibi, wewe uko ndani, mlango umefungwa, redio inasoma habari, huko kugonga kwa injini umekusikia wapi? Kesho yake nikaenda kwa fundi ili nipate ushahidi wa kumshinda. Fundi akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akautia sikioni, akafumba macho, akasikiliza weee, kisha akasema kuna valvu inagonga. Nikalipa nikanyamaza. Sikio hilo, Bibi alinieleza baadaye, alilipata kwa marehemu mumewe, aliyefanya kazi bandarini Kipevu na kurudi nyumbani kwa skuta.

Mke wangu na watoto wako Kaloleni, nami huwaendea mwisho wa mwezi. Kwa hiyo hapa mjini mtu wa kuniuliza kama nimekula ni Bibi. Yeye Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, mimi Mkristo wa bara kidogo, lakini tumekaa pamoja muda mrefu hadi wallahi hunitoka mdomoni hata kanisani. Na kila Alhamisi baada ya adhuhuri nilikuwa nampeleka Ziwa la Ng'ombe kumwona dada yake, aliye kitandani tangu alipovunjika nyonga. Tuktuk haiingii kichochoro chetu wala cha huko, na magoti ya Bibi hayamfikishi mbali. Hukaa upande, kama wakaavyo mama zetu wote wenye buibui, mkono mmoja begani kwangu, mwingine ameshika mkoba wenye visheti vya dada yake. Aliwahi kuniambia, "Weye ndiye ndia yangu," na ndia kwao ni njia.

Sasa Alhamisi moja, pale Ziwa la Ng'ombe, alishukia upande usio wake, na ekzosi, lile bomba la moshi, ikamlamba shavu la mguu. Hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu, akasema si neno, akapaka shubiri siku kadhaa, na kovu likabaki, jeusi, la mviringo. Nani hana kovu la ekzosi mji huu? Lakini lile lilikuwa langu, mimi ndiye niliyelitia, na kila nikiliona nilikuna kichwa.

Basi pikipiki za umeme zilipoanza kuonekana mjini, watu walikuwa wakimuuliza muuzaji inakwenda mbali gani, betri inadumu miaka mingapi, mvua inaifanyaje. Mimi nilikuwa na swali moja. Nikainama, nikaizunguka mara mbili, nikauliza ekzosi yake iko wapi. Akaniambia haina. Nikasema haya, hii ndiyo yangu.

Wenzangu stendini waliikagua kama wazee wanavyomkagua ng'ombe wa mahari. Mmoja akaitikisa, mwingine akagonga betri kwa kucha, mwingine akauliza kama nimenunua pikipiki au pasi ya nguo. Mwisho wakasema maneno matupu hayafai, twende mlimani. Tukaenda Changamwe, pale malori ya Kipevu yanapopanda yakihema, wakanipakia wanaume wawili wenye miili na gunia la unga juu yake. Nikazungusha mkono. Wallahi ilipanda bila kulalamika, tukalipita lori la kontena. Tuliposimama juu, mkubwa wao akashuka, akafuta jasho ambalo hakulitoa yeye, akasema inakwenda lakini haina roho. Nikamwuliza roho ya pikipiki ni nini. Akasema ni mlio. Nilimcheka hadi machozi.

Sisemi haina kasoro. Nimeijua vyema sasa na sitaisifu bure. Ni nzito ukiisukuma. Hewa yetu ya chumvi inaotesha kutu ya kijani kwenye maungio ya waya, lazima upake grisi kila wiki. Asilimia ikishuka chini ya thelathini ukiwa Shanzu, moyo nao unashuka, unaanza kuendesha kwa adabu ambayo hukuwa nayo, na kwenye kituo cha kubadilisha betri unaweza kukuta foleni ya watu wenye hasira kama zangu. Lakini asubuhi huipigi teke, haikutii mafuta mikononi, na jioni mgongo hauumi kwa mtetemo. Mimi niliipenda siku ya kwanza, na ninaipenda mpaka leo.

Nikaipeleka kwa fundi wa kuchomelea, kijana mmoja mwenye familia yake, mtu wa Nairobi, ambaye Kiswahili chake hunichekesha. Nikamwambia namtengenezea mama mtu mzima anayekaa upande. Akachomelea kibao cha kuwekea miguu yote miwili upande wa kushoto, akaongeza urefu wa kiti na sponji ya maana, akaweka chuma cha kushika, na gurudumu la nyuma akalifunga wavu ili buibui lisivutwe na spoki. Kazi safi. Nilikuwa naiwazia Alhamisi ile, Bibi atakavyokaa kama malkia, miguu yake mbali na moto wowote.

Alhamisi hiyo haikuja kama nilivyoiwazia. Siku mbili kabla, mchana baada ya sala ya alasiri, nilikata kona ya kichochoro chetu, pale kwa muuza makaa, nikashuka polepole hadi mbele ya nyumba. Wanawake walikuwa kibarazani, kama ilivyo kawaida saa hizo. Mmoja anasukwa, mwingine ana hina mikononi, na Bibi katikati yao, kichwa wazi, jirani yetu mshonaji anamtia mafuta ya nazi. Nywele nyeupe pe, zimefika mabegani. Miaka tisa sikuwahi kujua Bibi ana nywele ndefu. Nikafika nyuma yao hatua mbili, nikasema salaam aleikum.

Ilikuwa patashika. Kanga zilirushwa, bakuli la hina likapinduka, mmoja akaingia ndani kwa magoti. Bibi aliishika kanga yake kwa mikono iliyojaa mafuta, ikamponyoka, akaishika tena. Nami nikafanya kosa ambalo hadi leo najilaumu. Nilicheka. Sikucheka kwa ubaya. Nilifurahi tu kwamba pikipiki yangu ni kimya kiasi hicho, nilitaka kuwaonyesha, nikapiga paja na kucheka.

Kwa hasira ya kwanza mshonaji ndiye aliyesema. Aliniambia kichochoro hiki hakina mlango, mlango wake ni masikio. Pikipiki ya petroli ikija mtu hujifunika kabla haijakata kona, na mwenye baiskeli hugonga kengele, na mwenye miguu hupiga hodi. Mimi ninawaingilia wake za watu kama mwizi, kisha nacheka. Nikaomba radhi, lakini cheko lilikuwa bado linanitoka puani. Nikamgeukia Bibi nikampa shikamoo.

"Marahaba, bwana," akasema.

Miaka tisa niliitwa mwanangu. Asiyekaa Pwani hatajua uzito wa hilo neno bwana, likitoka kwa mama kama yule, kwa sauti ya adabu kabisa. Lilinichoma. Na mimi badala ya kurudi chini nikapanda juu. Nikajiambia haya, kama ni hivyo, hivyo. Pikipiki nimeinunua kwa ajili yake, miguu yake ndiyo iliyonipeleka dukani, na leo mimi ni bwana. Jioni hiyo nikaingia kwa mlango wa uani bila kupiga shikamoo. Kesho yake pia, na jioni zilizofuata. Nikaingia kimya, nikatoka kimya, nikijiona mwanamume.

Alhamisi ikafika. Nikaiosha pikipiki, nikaisimamisha mbele. Nilijua ikianza safari hasira zitaisha zenyewe. Bibi akatuma neno kwamba ana mafua. Alhamisi ya pili magoti yanamuuma. Ya tatu hakutuma neno. Dada yake akanipigia simu mwenyewe kutoka Ziwa la Ng'ombe, sauti nyembamba, akaniuliza ndugu yake namletea lini, na kama amemkosea jambo amwambie, maana yeye hana miguu ya kuja kuomba radhi. Wale walikuwa kina mama wawili waliobaki katika ukoo wao, na mimi ndiye ndia, na ndia imefungwa kwa sababu ya cheko.

Basi nikasema, tatizo ni mlio, mlio utapatikana. Nikarudi kwa fundi wangu wa kuchomelea.

Kwanza alinifungia honi ya mpira, ile ya kuminya. Nikafika kwenye kona, nikaminya mara tatu kwa heshima zote. Wanawake wote wakatoka. Wametoka kweli, kanga vichwani, lakini na visahani na vikapu mikononi, maana honi ile hapa kwetu ni ya muuza mikate ya boflo. Mmoja akaniuliza kama leo iko ya ufuta. Siku ya tatu muuza boflo mwenyewe akanisubiri kwenye kona na baiskeli yake, tukatupiana maneno mazito mazito, na ukweli ulikuwa wake. Nikaing'oa.

Mara ya pili fundi akanunua spika ndogo, akairekodia mlio wa pikipiki kubwa ya mashindano. Akaniambia, "Mzee, hii mtaa mzima utajua umefika." Akasema kweli. Ilikuwa siku ya hitima, nyumba ya tatu kutoka kwetu, watu wameketi mikekani wanasoma. Nikakata kona, spika ikaanza kunguruma, nikabonyeza kitufe ili inyamaze, kitufe kikabaki ndani. Nikapita mbele ya msiba wa watu nikinguruma kama nakwenda vitani, uso wangu wote jasho. Nilipofika uani nilizivuta waya kwa meno. Jioni nikaenda kuwaomba radhi wenye msiba, nao walinisamehe, ila mzee mmoja aliniuliza kwa upole kwa nini nimenunua kimya kisha nikanunua kelele.

Mwishowe nikafanya nililopaswa kufanya siku ya kwanza. Nikifika kwenye kona ya muuza makaa nashuka, naisukuma kwa mkono, na nikiona kuna watu kibarazani napaza sauti, hodi jamani, napita. Wanawake wakanijibu pita, karibu. Siku chache wakazoea, mshonaji akaanza tena kunitania kwamba mwenye pasi ya nguo amefika. Mtaa wote ukanisamehe. Bibi peke yake ndiye aliyebaki kuniita bwana. Alhamisi ya nne ikapita, na ya tano. Hapo nikaanza kuogopa kweli. Nikajiuliza mama huyu anataka nini zaidi? Kichwa nilikiona kwa bahati mbaya, radhi nimeomba, mlio nimetafuta, miguu natembea. Nililala na swali hilo na sikupata usingizi mzuri.

Kisha ikaja siku ya mvua. Asubuhi nilimpeleka mfanyakazi wa hoteli Shanzu, na mshonaji alinisikia nikipatana naye safari. Mvua ikashuka hukohuko, ile mvua ya kufunga macho, barabara zikawa mito. Nikasema leo pesa haina thamani ya betri yangu, nikarudi polepole. Ilikuwa saa nane mchana nilipofika. Kibarazani hapakuwa na mtu, nani akae nje na mvua ile? Kwa hiyo sikupiga hodi. Nikaisukuma hadi uani, nikaifunika turubai, nikavua nguo zilizolowa, nikajifunga kikoi, nikalala. Simu ilikuwa imezimika chaji. Pikipiki nilikuwa nimeijali, simu niliisahau.

Nilipoamka, adhana ya magharibi ilikuwa imepita na mvua imebaki manyunyu. Nikasikia sauti ya Bibi huko mbele, akizungumza na mtu, na sauti ile haikuwa ya kawaida. Nikatoka, nikapita ukumbini pekupeku. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Bibi amesimama nje kwenye ngazi iliyolowa, mkongojo mkononi, kanga imelowa mabega yote mawili, mbele yake kuna kijana wa pikipiki amesimamishwa.

"Umemuona mwanangu?" alikuwa akimuuliza. "Mwenye pikipiki isiyo mlio. Alikwenda Shanzu tangu asubuhi."

Kijana akasema hapana, Bibi, labda amekwama, maji ni mengi. Akaondoka. Bibi akageuka upande wa kona kumtafuta mwingine. Mshonaji alikuwa mlangoni kwake akijaribu namba yangu tena, akatikisa kichwa kwamba bado imezimwa. Nami nimesimama nyuma yao hatua mbili, kama siku ile ya hina, na safari hii kicheko sikukiona hata kwa mbali.

"Niko hapa, Bibi," nikasema.

Akageuka. Akanitazama kuanzia miguu hadi kichwa, akaona kikoi, akaona macho yenye usingizi.

"Umekuya saa ngapi?"

Nikamwambia saa nane. Alilirudia lile neno, saa nane, akaingia ndani, akaketi kwenye kiti cha ukumbini kwa uzito wote. Nilimfuata nikachuchumaa mbele yake. Meza ilikuwa imeandaliwa, wali na samaki, sahani imefunikwa, haijaguswa. Nikamwambia, Bibi, mimi nilidhani umekasirika kwa ajili ya kichwa.

"Kichwa ilikuwa hasira ya siku moja," akasema. "Ile ya zamani nikiisikia yakata kona pale kwa muuza makaa, nilijua umerudi. Ndipo nikitia mkono chakulani. Haya, umeleta chombo kimya, Mungu akubariki nacho. Lakini weye una mdomo. Na mdomo nao umeuzima. Sasa nitajuaye, kila siku, kama uko hai?"

Nilijisikia mdogo kuliko nilivyowahi kujisikia. Miaka tisa nilifikiri anakagua injini. Nilijisifu kwa watu kwamba mwenye nyumba wangu ni fundi wa masikio. Kumbe injini ilikuwa kisingizio, alichokuwa akikisikiliza ni mimi. Na nilipoleta kimya cha pikipiki nikakiongeza cha kwangu, wiki tano, eti mimi mwanamume. Nikamwambia aniwie radhi. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Alinigusa kichwa kwa mkono wake wenye baridi ya mvua.

"Nenda kavae shati, mwanangu," akasema. "Wali umepoa."

Tulikula pamoja, na shikamoo yangu ilirudi uani tangu kesho yake, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Lakini nilikuwa nataka zaidi ya hapo. Nilitaka apate habari mapema, pale pale kwenye kona, kama zamani. Chumbani kwangu nilikuwa na njuga zimening'inia msumarini, za marehemu shangazi yangu, aliyekuwa akicheza ngoma kule kwetu hadi watu wa vijiji vingine wanakuja kumtazama. Alizifunga miguuni, na ukizisikia tu ulijua ni yeye. Nikazichukua, nikazifunga kwa waya chini ya kiti, karibu na springi ya nyuma. Pikipiki ikiruka, njuga zinalia. Hazingurumi, haziuzi boflo. Zinalia tu, cha-cha, zikanyamaza.

Bibi alizisikiliza kutoka kibarazani nilipopita kwa majaribio. Akaniuliza zimetoka wapi, nikamweleza. Akamwombea shangazi rehema, mtu asiyemjua wala wa dini yake. Kisha akaamuru nipite tena, mbali kidogo. Nikapita mara nne. Akasema zitafaa.

Alhamisi hiyo alipanda. Aliweka miguu kwenye kibao, akakishika chuma, akauliza nani katengeneza, akasema mikono yake isipate tabu. Njiani nikahisi anasogeza mguu, mara huku mara huku. Alikuwa anatafuta lile joto la ekzosi, amejikunja kujikinga nalo kama alivyozoea. Karibu na kwa dada yake mguu ukatulia. Kule Ziwa la Ng'ombe dada mtu alizisikia njuga kabla hatujafika mlangoni, akauliza kwa sauti yake ile nyembamba ni nani anayeolewa mtaani. Bibi akajibu kutoka nje kwamba ni yeye. Walicheka ndani mle hadi nikawasikia nilipokaa nje, na visheti alivyokosa wiki tano zote dada mtu alividai siku hiyo hiyo. Wakati wa kurudi nilimuuliza Bibi anaionaje pikipiki. Alifikiri hadi tukafika barabara kubwa, akasema, "Yaenda."

Sasa amekuwa fundi tena. Juzi tu ameniambia upepo wa gurudumu la nyuma umepungua, maana njuga zalia kwa uvivu. Nikaenda kupima. Umepungua.

Limebaki jambo moja tu. Pale kwenye kona, kwa muuza makaa, kuna shimo, si kubwa, kiasi cha karai. Njuga haziwezi kulia kwenye barabara tambarare, zinalia pale, kwenye shimo lile. Mwezi uliopita majirani walichanga nguvu wakaleta kokoto na kifusi kuzikarabati kona zote za kichochoro. Nikawakuta wameshafika kwa muuza makaa, wameinua sepetu. Nikasimamisha pikipiki katikati nikawaambia mashimo yote wazibe, hili wasiliguse. Wakanibishia, nami mnajua nilivyo, nikapandwa na hasira hadi muuza makaa akaja kuamua. Ni mshonaji aliyewaambia waache. Hakueleza sana, alisema tu hilo ni la Bibi. Wakalipita.

Kwa hiyo jioni zote narudi kwa njia hiyo. Nikifika kwenye kona, wenzangu wote hulikwepa shimo, mimi nalifuata. Gurudumu linaingia, njuga zinalia, na nikitulia kidogo nasikia huko mbele kifuniko cha sufuria kikifunuliwa.